Miaka 66 Haimhusu Mstaafu wa Miaka 60

Wiki iliyopita baba yangu mdogo, mwalimu wa shule ya msingi anayestaafu mwezi Desemba atakapotimiza miaka 60, alituma katika kundi la WhatsApp la ukoo hesabu aliyoiandika kwa kalamu kisha akaipiga picha. Umri wa kuishi wa Mtanzania, aliandika, ni miaka 66. Toa 60, inabaki sita. Kwa hiyo alipwe mafao yake yote kwa mkupuo, maana hiyo pensheni ya kila mwezi wataila wengine. Shangazi wawili waliweka alama za kulia. Mimi, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi nimelipwa mshahara kwa kukokotoa namba hiyo hiyo, niliandika: "Shikamoo baba, hesabu hii haiko sawa." Akajibu "Marahaba mwanangu", na mazungumzo yakahamia kwenye michango ya harusi.

Niliisikia hesabu hii mwaka 2018 wakati wa mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, nikaisikia tena Julai 2022 kikokotoo kipya kilipoanza, na nimeisikia hata katika semina za watu wenye shahada zinazofanana na yangu. Sina ugomvi na madai ya wastaafu, ambayo mengi yana msingi. Ugomvi wangu ni na hilo tendo la kutoa 60 katika 66.

Chukua watu kumi waliozaliwa katika nyumba moja. Wawili wanafariki kabla ya kutimiza mwaka, wanane wanafika miaka 70. Wastani wa umri wao wa kuishi ni miaka 56, na katika nyumba hiyo hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na umri unaokaribia 56. Wale watoto wawili wamewavuta wakubwa wao chini kwa miaka kumi na minne bila kuwagusa. Sasa mmoja wa wale wanane akifika miaka 50 na kuambiwa kwamba amebakiza sita, aliyemwambia hivyo amemhesabia vifo ambavyo yeye alishavipita akiwa bado ananyonya.

Ndivyo ilivyo kwa nchi nzima. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 1999 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 43. Sehemu kubwa ya kupanda kwa umri wa kuishi ambako tumekuwa tukikushangilia kumetoka hapo, kwenye chandarua, chanjo, maji na wakunga, wala si kwa sababu wazee wameanza kuishi sana kuliko wazee wa zamani. Namba inayomhusu baba mdogo ni nyingine, nayo imo katika jedwali la maisha, lile lile linalotoa hiyo 66 na kuorodhesha umri kwa umri miaka iliyobaki, mistari michache chini: miaka ambayo mtu aliyekwisha kufika 60 hutarajiwa kuishi tena. Kwa Tanzania ni zaidi ya 15. Akifika hiyo 66 anayoiogopa, jedwali litampa tena zaidi ya miaka kumi, na akifika 80 bado litampa kadhaa. Hakuna mstari katika jedwali hilo ambapo aliye hai amebakiwa na sifuri.

Hadi hapo ni rahisi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kuyaeleza. Kinachonikera zaidi ni sentensi ambayo sisi wenyewe, wenye taaluma, tumeiandika katika taarifa kwa vyombo vya habari mpaka imekuwa kama sala: "Mtoto anayezaliwa leo anatarajiwa kuishi miaka 66." Hapana. Hatujui mtoto anayezaliwa leo ataishi miaka mingapi, na jedwali letu halikuulizwa swali hilo.

Tunachofanya ni hiki. Tunachukua mwaka mmoja, au miaka michache iliyo jirani, na kuangalia ni sehemu gani ya watoto wachanga walifariki mwaka huo, sehemu gani ya wenye mwaka mmoja, ya wenye miaka ishirini, ya wenye miaka sabini, na kuendelea hadi juu. Kisha tunabuni watoto 100,000 ambao hawapo, tunawapitisha katika vifo hivyo vyote umri kwa umri kana kwamba mwaka ule mmoja uligandishwa na wao wakaishi maisha yao yote ndani yake, na mwishoni tunauliza kwa wastani walidumu muda gani. Jibu ndilo umri wa kuishi. Ni picha ya hali ya vifo ya mwaka mmoja iliyofupishwa kuwa namba moja, kama vile dereva anavyosoma kasi ya kilomita 80 kwa saa: kisoma-kasi hakidai kwamba baada ya saa moja atakuwa kilomita 80 mbele, kwa sababu hakijui kama kuna matuta, foleni au trafiki.

Mfano unaoonyesha jambo hili bila ubishi ni wa Marekani. Mwaka 1918, homa kali ya mafua ilipopita, umri wa kuishi huko ulishuka kwa karibu miaka 12 ndani ya mwaka mmoja, na mwaka 1919 ukarudi juu ya pale ulipokuwa kabla. Je, watoto waliozaliwa Marekani mwaka 1918 walikufa wote mapema kwa miaka 12 kuliko wadogo zao wa mwaka uliofuata? Hapana. Waliosalimika waliendelea kukua pamoja nao, wakaoa na kuolewa, wengine wakazeeka. Jedwali la 1918 liliwapitisha watoto wake wa kubuni katika janga lile kila mwaka wa maisha yao, jambo ambalo halikumpata mtu yeyote wa kweli.

Sisi tunao mfano wetu, na ni wa majonzi zaidi. Sensa ya 1988 ilitoa umri wa kuishi wa miaka 50, na ya 2002 ikatoa 51. Kwa miaka kumi na minne namba ilikaa pale pale. UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ulikuwa unawaondoa watu wazima wenye miaka thelathini na arobaini, yaani wazazi, na kila hatua iliyopigwa kwa watoto ikafidiwa na makaburi ya mama zao. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na sensa ya 2012 ikatoa karibu miaka 62. Anayesoma namba hizi kama utabiri atadhani kwamba aliyezaliwa 1988 aliandikiwa miaka 50 na aliyezaliwa 2012 akaandikiwa 62, ilhali wote wawili wanaishi katika nchi moja leo, na wanakunywa dawa zile zile.

Baba mdogo mwenyewe ndiye ushahidi wangu bora. Alizaliwa katikati ya miaka ya 1960, na sensa ya 1967 ilitoa umri wa kuishi wa miaka arobaini na ushei. Kwa hesabu yake alipaswa kuwa tumeshamzika miaka kumi na kadhaa iliyopita, na hata hivyo bado anatuma picha.

Ndugu wa karibu wa kosa hili ni imani kwamba hapo kale watu walikuwa wazee wakiwa na miaka 35. Zaburi ya 90 inataja miaka sabini, na themanini kwa mwenye nguvu. Waislamu wana hadithi ya Mtume inayoweka umri wa umati wake kati ya sitini na sabini. Maneno hayo yalisikika katika zama ambazo watoto walizikwa kwa wingi na wastani ulikuwa chini sana, lakini wasikilizaji walijua mzee ni mtu wa umri gani. Kiswahili nacho kina mjukuu, kitukuu na kilembwe, na hata kila kizazi kikizaa kwa miaka 18, kumwona kilembwe wako kunahitaji miaka 72. Ushahidi wa msamiati ni dhaifu, nakiri, kwa kuwa mtu anaweza kuitwa kilembwe cha marehemu.

Sasa nifike mahali ambapo vitabu vyetu hupita haraka. Vifo vya watoto tunavijua vizuri kwa kiasi, kwa sababu tunawauliza akina mama kuhusu kila mtoto waliyemzaa, ingawa yupo mama asiyemtaja mtoto aliyeishi siku mbili, na mdadisi mwenye haraka hamrudishii swali. Vifo vya watu wazima ni habari nyingine kabisa. Vifo vingi havisajiliwi. Sensa huuliza kama kuna aliyefariki katika kaya kwa miezi 12 iliyopita, lakini mkuu wa kaya akifariki, mara nyingi kaya yenyewe husambaratika: mjane anarudi kwao, watoto wanagawanywa kwa wajomba, na karani akifika anakuta kufuli. Aliyekuwa akiishi peke yake akifa, hakuna wa kumtaja.

Njia nyingine ni kumuuliza mtu kuhusu ndugu zake wa tumbo moja, nani yu hai na nani amefariki akiwa na miaka mingapi. Jaribu kuuliza swali hilo katika familia ambamo mtoto wa mama mdogo ni ndugu kamili, na kusema "huyu si wa tumbo letu" mbele ya wageni ni matusi. Nimesoma madodoso yenye ndugu kumi na tisa wa mama mmoja, wanne kati yao wakiwa wamezaliwa mwaka mmoja. Umri nao hupenda kuishia na sifuri au tano. Katika takwimu zetu watu wenye miaka 60 hujazana, na wenye 59 na 61 ni kama walihama.

Yapo maeneo machache, kama Kisesa tangu 1994 na Ifakara tangu 1996, ambako kaya hufuatiliwa miaka nenda rudi na kila kifo huandikwa. Humo, mdadisi hurudi kwa wafiwa kuuliza marehemu aliumwaje, na wataalamu hujaribu kupata chanzo cha kifo kutokana na majibu. Wafiwa wakisema "alikuwa na kifua", hilo laweza kuwa kifua kikuu, nimonia, pumu, saratani, mapafu yaliyochakaa kwa moshi wa kuni, au moyo ulioshindwa kazi na kujaza maji. Nimewahi kupewa fomu moja pamoja na mwenzangu, kila mmoja akasoma peke yake. Mimi nikaandika kifua kikuu, yeye akaandika moyo. Hadi leo nadhani alikuwa sahihi.

Kwa hiyo sehemu ya juu ya jedwali, ile inayomhusu mstaafu, kwa kiasi kikubwa hujazwa kwa kutumia majedwali ya mfano yaliyotengenezwa kutokana na nchi zenye usajili kamili. Ndiyo maana niliandika "zaidi ya 15" badala ya kutoa desimali. Ile 12.5 iliyomo kwenye kikokotoo, ambayo binamu yangu alidai ndiyo miaka tuliyokadiriwa kuishi baada ya kustaafu, ni namba ya kuzidishia ile sehemu ya pensheni inayogeuzwa kuwa mkupuo. Pensheni ya kila mwezi huendelea kulipwa hata mwaka wa ishirini.

Juzi nilimpigia baba mdogo simu na kumweleza haya yote taratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama jedwali langu linajua kwamba ana kisukari. Nikamwambia halijui, limemchanganya na wavuvi, wakulima, wenye kisukari na wasio nacho, na wastaafu wenye bima pamoja na wasio na bima. Akasema basi yeye atabaki na sita yake, lakini nimtumie hiyo 15 kwa maandishi, anataka kumwonyesha mama mdogo kuhusu suala la kukopa.