Famasia ya kliniki na utafiti wa translesheni ni kitu gani?

Mfamasia ambaye wengi wetu tunamjua ni yule wa dirishani. Anapokea karatasi ya daktari, anahesabu vidonge, anaandika 2x3 kwenye bahasha na kukuambia umeze baada ya kula. Famasia ya kliniki inamtoa dirishani na kumpeleka wodini. Huko anaifuatilia dawa ndani ya mgonjwa mmoja mmoja: ana uzito gani, figo zake zinafanya kazi kwa kiasi gani, anatumia dawa gani nyingine, amepata nafuu au ameanza kuumwa na dawa yenyewe. Anatembea na daktari na muuguzi kwenye raundi, anasoma faili, na dozi isipokaa sawa anasema kabla haijamezwa.

Chukua mgonjwa wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, mjini Tabora, anayetumia ARV yenye dolutegravir kisha akagundulika na TB. Rifampisini, dawa kuu ya TB, huchochea ini liivunje dolutegravir haraka kuliko kawaida. Kidonge cha miligramu 50 mara moja kwa siku hakimtoshi tena. Lazima aongezewe kingine cha miligramu 50 baada ya saa 12, la sivyo virusi vinapata nafasi ya kujenga usugu. Dawa hizo zikiandikwa kwenye kadi mbili tofauti, lazima awepo mtu wa kuzisoma pamoja. Mtu huyo ndiye mfamasia wa kliniki.

Fani hii si ya kale. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kiliweka wafamasia kwenye ghorofa ya tisa ya hospitali yake, karibu na vitanda vya wagonjwa, na mradi huo ukawa mfano kwa wengine. Kwetu, shahada ya kwanza ya famasia ni miaka minne, ukifuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo kabla ya kusajiliwa na Baraza la Famasi. Uzamili wa famasia ya hospitali na kliniki unapatikana MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar es Salaam.

Sasa hiyo translesheni. Ni utafiti unaoutoa ugunduzi maabara na kuufikisha mpaka kwa mgonjwa, na safari hiyo ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mfano ulio karibu nasi ni malale, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na mbung'o. Misitu ya miombo, kuanzia Urambo na Kaliua hadi Uvinza na Kibondo upande wa Kigoma, inajulikana miaka mingi kwa mbung'o, na wanaoumwa ni warina asali, wawindaji, na wanaoingia porini kukata kuni za kukaushia tumbaku. Malale ya ukanda wetu huua haraka. Kwa miongo mingi, vimelea vikishaingia kwenye ubongo, tiba ilikuwa melarsoprol, sindano ya mshipani iliyotengenezwa kwa arseniki. Takribani mgonjwa mmoja kati ya 20 aliuawa na dawa hiyo, si na ugonjwa.

Wakati huohuo kulikuwa na dawa nyingine kabatini. Fexinidazole ilikuwa imetengenezwa na kampuni ya Hoechst ya Ujerumani, ikaanza kufanyiwa kazi, kisha ikaachwa. Mwaka 2005 DNDi, shirika la Geneva linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika, liliifukua. Ikajaribiwa kwanza kwa malale ya Afrika Magharibi na Kati, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaipitisha. Ikaja zamu ya malale yetu ya mashariki: majaribio yakafanyika Malawi na Uganda, mamlaka hiyo ikatoa maoni ya kuikubali mwishoni mwa 2023, na mwaka 2024 WHO ikaiingiza kwenye mwongozo wake. Ni vidonge, humezwa kwa siku kumi.

Kazi ikaisha? Hapana, na hapa ndipo fani hizi mbili zinapokutana. Fexinidazole ni lazima imezwe na chakula, mhudumu wa afya akishuhudia. Ikimezwa tumbo tupu, kiasi kinachoingia kwenye damu hupungua sana. Watafiti walilijua hilo mapema, wakapima hata wali na maharage. Lakini mgonjwa wa malale iliyofika kichwani hukesha usiku, husinzia mchana, hutapika, na anaweza asimtambue hata mkewe. Katika wodi zetu chakula huletwa na ndugu. Ndugu yuko kijijini, basi limeharibika njiani: nani anahakikisha amekula kabla ya vidonge? Kwangu mimi hilo ni swali la utafiti lenye hadhi sawa na la maabara, ingawa halina darubini.

Masomo ya uzamili na uzamivu katika eneo hili humfundisha mtu mwendo wa dawa mwilini, jenetiki, takwimu, maadili na namna ya kupanga majaribio. Kinachonikera kidogo ni tasnifu: nyingi mno ni madodoso ya kuuliza wahudumu wanajua nini na wanaonaje. Na mikoa hii ina maswali ya kutosha. Utafiti wa kitaifa wa 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza kwa malaria ya watoto, asilimia 24. Wa 2022 ukaiweka Tabora mbele, asilimia 23. Dawa mseto ya malaria nayo hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta. Mtoto mwenye homa amekataa kula tangu jana. Kijiko cha uji wenye mawese kingemtosha? Pima damu, ujue.

Kwa hilo utahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na ukijaribu dawa kwa watu, kibali cha TMDA pia, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kabla hujalipa ada, uliza mwanafunzi hukaa wodini siku ngapi kwa wiki na msimamizi wake anafanya raundi wapi. Wakikutajia maabara peke yake, hiyo ni shahada nzuri, ila si hii.