Neno la Kiingereza lenye kisigino ndani yake

Wanafunzi wangu wa Kiingereza hapa Bukavu wakikutana na neno "recalcitrant", wengi hulitambua papo hapo kwa sababu ya Kifaransa, "récalcitrant": asiyelipa kodi, asiyetii amri. Wanaandika daftarini "mkaidi", au kama tunavyosema kwetu, mtu wa kichwa nguvu. Si kosa. Ila ndani ya neno hilo hakuna kichwa, kuna kisigino.

Kwa Kilatini kisigino ni "calx". Manesi wanaujua mzizi huo, maana mfupa wa kisigino huitwa kalkaneo. Kalsiamu haimo humu: chokaa ya Kilatini huandikwa vilevile, lakini ni neno jingine. Kutoka "calx" likaja "calcitrare", kupiga teke, na "re" mbele yake inarudisha teke kule nyuma lilikotoka bughudha. Aliyekulia Kabare au Walungu, vijijini karibu na Bukavu, ameyaona haya kwa macho yake. Ng'ombe anakamuliwa, ametulia, mara chuchu inavutwa vibaya. Mguu wa nyuma unaruka na maziwa yote yako chini. Kifaransa kililichukua neno kwanza, Kiingereza kikalipokea kwa Kifaransa katika karne ya 19.

Wasomaji wa Biblia wanaijua picha hii hata bila Kilatini. Katika Matendo ya Mitume 26:14, Paulo anasimulia alivyoambiwa kwamba ni vigumu kwake kuupiga teke mchokoo, ile fimbo yenye ncha ya kuswagia ng'ombe. Biblia ya kale ya Kilatini ina "calcitrare" pale pale.

Hapo ndipo neno hili linapoachana na "obstinate", ambalo mzizi wake ni kusimama. Mtu anaweza kusimama kwenye msimamo wake peke yake, bila kusukumwa na yeyote. Lakini "recalcitrant" hakamiliki bila mwenye fimbo nyuma yake. Ndiyo maana neno hutoka zaidi kinywani mwa serikali, hakimu au mwalimu, na ndiyo maana nawakataza wanafunzi kumwita hivyo mzazi au mkubwa wa kazi: mdogo hamswagi mkubwa. Nawaomba pia, wakilikuta limeandikwa juu ya watu fulani, watafute kwanza nani ameshika mchokoo, na amechoma wapi. Neno lenyewe linasimulia upande mmoja tu, wa mwenye fimbo. Ng'ombe hajaulizwa.

Wataalamu wa mimea nao wanalo. Mwaka 1973 E. H. Roberts aliliteua kwa mbegu zisizokubali kukaushwa. Maharage yetu ukiyaanika vizuri yanangoja msimu ujao bila shida. Kokwa ya avoka ukiianika mpaka ikauke kabisa, hata uipande kwenye udongo mzuri namna gani, haioti.