Je, wajua? Saa za trekta si saa za ukutani

Trekta iliyotumika ikiletwa Mpeketoni au Hindi, kaunti ya Lamu, kabla ya masika, wanunuzi hukimbilia kwanza mita ya saa kwenye dashibodi. Ikisoma 2,400, wanaamini injini imenguruma saa 2,400 kamili, na bei hupatanwa kwa imani hiyo. Kwa trekta nyingi za zamani imani hiyo si sahihi, hata kama hakuna mtu aliyeichezea mita.

Mita za trekta hizo huzungushwa na kebo inayotoka kwenye injini. Hazijui dakika, zinajua mizunguko tu. Mtengenezaji huchagua mwendo mmoja, tuseme mizunguko 1,500 kwa dakika, akaipanga mita ili kwa mwendo huo ilingane na saa ya mkononi. Injini ikiachwa ingurume taratibu kwa mizunguko 750, saa nzima huandikwa nusu saa. Ikikimbizwa kwa 2,000, saa moja huandikwa saa moja na dakika 20. Ni kama msafiri anayepima safari kwa kuhesabu hatua badala ya kutazama jua: akijikokota, jua litakuchwa na hatua zake bado chache. Mwendo uliochaguliwa hutofautiana kwa modeli, kwa hiyo tafuta kitabu cha trekta husika. Mita za umeme huhesabu muda wenyewe, na baadhi huanza mara ufunguo unapofunguliwa, hata injini ikiwa kimya. Trekta mbili zenye namba ileile basi zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa.

Na bado hesabu ya mizunguko ina thamani, kwani pistoni huliwa kwa kupanda na kushuka, si kwa kupita kwa muda. Kinachokosekana ni uzito wa kazi. Mzunguko wa kuvuta plau ya diski tatu kwenye udongo mkavu na mzunguko wa kusubiri trela ijazwe mchanga huandikwa sawa. Kusubiri nako si salama: dizeli isiyopata joto la kutosha haiungui yote, na masizi hujikusanya ndani.

Kabla ya kuiamini namba yoyote, hakikisha mita inatembea. Tarakimu ya mwisho, ambayo mara nyingi ina rangi yake, ni sehemu ya kumi ya saa. Endesha injini dakika 6 kwa mwendo uliopangiwa mita. Isiposogea, kebo imekatika au mita yenyewe imekufa, na hakuna ajuaye tangu lini. Mita yenye tarakimu nne kabla ya hiyo ya mwisho ikifika 9,999.9 hurudi sifuri, kwa hiyo 2,400 yaweza kuwa 12,400.

Ushahidi bora uko kwenye chuma. Fika mapema uguse injini kabla haijawashwa: ikiwa na joto, mwenyewe huenda anaficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Ikishawashwa na kupata joto, fungua kifuniko cha kutilia oili. Pumzi nzito ya moshi inayotoka hapo ina maana ringi za pistoni zinavujisha, na moshi wa samawati kwenye ekzosi ni oili inayoungua. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji.

Kisha inama. Kanyagio la klachi lililolika hadi chuma kung'aa haliafikiani na mita inayosoma saa 900. Matundu ya pini za kuvutia trela yakiwa yamerefuka kama yai, trekta hiyo imevuta mizigo miaka mingi. Inua ekseli ya mbele kwa jeki, itikise gurudumu juu na chini, kisha uitikise ekseli yenyewe kwenye pini ya katikati, uone kama vinacheza. Hapo grisi husahaulika mara nyingi. Mwisho, inua plau kwa haidroliki oili ikiwa imepata joto, zima injini, utazame. Ikishuka upesi, sili za kuzuia oili isivuje au vali za haidroliki zimechoka.

Kwa trekta iliyotoka upande wa Malindi, uliza kama ilibeba chumvi Gongoni au Kurawa. Chumvi haiongezi hata saa moja kwenye mita, lakini inakula nyaya, nati na rimu. Tazama zaidi rimu za nyuma kuzunguka vali ya kujazia upepo, hasa kama tairi zilitiwa maji ya kuongeza uzito: kutu huanzia ndani, na rangi mpya huificha.

Gharama ya kubadili klachi ndiyo ya kukadiria kwa makini kuliko zote. Diski yenyewe ni sehemu ya gharama tu. Kwenye trekta nyingi, ili kuifikia, fundi hulazimika kulitenganisha trekta vipande viwili, injini upande mmoja na gia upande wa pili. Klachi ikiwa imechoka, toa ujira huo kwenye bei kabla ya kushikana mikono.