ZLECAf na wafanyabiashara wa Lubumbashi: dhana potofu na ukweli

Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, ambao kwetu hujulikana zaidi kwa kifupi cha Kifaransa, ZLECAf, ulitiwa saini Kigali mwezi Machi 2018, na biashara chini yake ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2021. Kongo iliwasilisha hati zake za kuridhia mwaka 2022. Hata hivyo, mengi yanayosemwa kuuhusu katika maduka ya Lubumbashi na kwenye foleni za malori za Kasumbalesa, mpakani na Zambia, si sahihi, na makosa hayo huwala watu mtaji.

Dhana: Mzigo wowote unaotoka nchi nyingine ya Afrika hupita bila ushuru.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mkataba hauangalii mzigo umenunuliwa wapi, bali unaangalia bidhaa imetengenezwa wapi na kwa malighafi gani. Mama anayenunua mabeseni ya plastiki Johannesburg, ilhali mabeseni hayo yalitengenezwa China, atalipa ushuru wa kawaida, hata kama risiti yake ni ya Afrika Kusini na lori limekatiza Zimbabwe na Zambia. Kuyafunga upya katika maboksi au kuyabandika lebo mpya hakuyafanyi kuwa ya Afrika, kwa sababu mkataba unataja waziwazi kazi ndogo za namna hiyo kuwa hazitoshi. Ili bidhaa ipate nafuu, lazima iwe imepatikana yote katika nchi mwanachama, kama mahindi yaliyovunwa huko, au iwe imebadilishwa kiwandani kwa kiwango kinachotakiwa na kanuni ya bidhaa hiyo.

Kanuni hiyohiyo, inayoonekana kuwa kikwazo kwa mwenye duka, kwa mwenye kiwanda ni mlango uliofunguka. Malighafi zenye asili ya nchi nyingine mwanachama huhesabiwa kana kwamba ni za nchi ya mtengenezaji. Mwoka biskuti wa Lubumbashi anayetumia unga na sukari vilivyozalishwa Zambia hapotezi haki ya kuziita biskuti zake bidhaa za Kongo anapoziuza Angola, mradi vielelezo vya asili ya malighafi hizo anavyo mkononi. Kwa maoni yangu hapa ndipo mji wetu, ulio mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Zambia, una nafasi ambayo miji mingi ya Kongo haina, na inasikitisha kwamba tunazungumzia zaidi kuagiza kuliko kutengeneza.

Dhana: Ushuru umekwisha kufutwa.

Unapunguzwa hatua kwa hatua. Nchi zenye maendeleo duni, Kongo ikiwemo, zimepewa miaka 10 kuondoa ushuru kwenye asilimia 90 ya aina za bidhaa, na miaka 13 kwa asilimia 7 zinazohesabiwa kuwa nyeti. Asilimia 3 zinaweza kubaki nje kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kulipia mzigo, ni lazima kumuuliza wakala wa forodha nambari ya bidhaa katika orodha ya ushuru na kiwango kinachotumika mwaka huo. Isitoshe, kinachopunguzwa ni ushuru wa forodha peke yake. TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inabaki, na ukaguzi wa ubora haukuondolewa.

Dhana: Mkataba huu ni wa makampuni ya madini.

Kinyume chake, shaba na kobalti zinazovuka Kasumbalesa kwa sehemu kubwa huishia China, ambayo si mwanachama, na ZLECAf haizipunguzii chochote huko. Mfanyabiashara mdogo ndiye aliyewekewa njia nyepesi: kwa mzigo usiozidi dola 5,000, mwuzaji yeyote anayeupeleka nchi nyingine anaweza kutoa tamko la asili, yaani kutamka bidhaa imetoka wapi, yeye mwenyewe. Mzigo wa thamani kubwa zaidi kwa kawaida huhitaji cheti cha asili, ambacho hudumu miezi 12.

Dhana: COMESA na SADC zimefutwa.

Jumuiya hizi za kiuchumi, COMESA ya mashariki na kusini mwa Afrika na SADC ya kusini mwa Afrika, bado zipo, na pale ambapo nafuu zake ni kubwa zaidi, zinaendelea kutumika kati ya wanachama wake. Mzigo wa Zambia ulinganishwe kwanza chini ya mipango yote, kisha cheti kiombwe kabla lori halijaondoka.

Dhana: Ukisumbuliwa mpakani, huna pa kulalamika.

Upo mfumo wa mtandaoni wa kuripoti vikwazo visivyo vya ushuru, kama vile malipo yasiyo na msingi au kucheleweshwa bila sababu, na malalamiko hupelekwa kwa maofisa walioteuliwa na nchi husika ili wayajibu. Anayetaka kuutumia atunze stakabadhi ya kila malipo, na aandike tarehe na saa lori lilipofika Kasumbalesa na lilipovuka.