Kipande cha roketi ya 1929: ni filamu, na filamu ina mwenyewe

Ninafanya kazi kwenye meza ya vibali ya makavazi ya filamu hapa Ujerumani. Kwa muda sasa tunapokea barua za aina mbili kutoka kwa Waswahili, walioko nyumbani na walioko Ulaya. Aina ya kwanza huambatanisha kipande cha video kisicho na rangi: roketi ndefu inatolewa kwenye jengo kubwa ikiwa imesimama wima, umati umejaa, taa za kurunzi zinamulika. Chini yake pameandikwa kwamba huu ndio ushahidi kuwa safari ya Mwezini ilipigwa studio. Aina ya pili hutoka kwa vikundi vya vijana, parokia na vilabu vya sayansi. Wao wanataka kuonyesha filamu yenyewe ukumbini, na wameambiwa kuwa tangu 1 Januari 2025 ni bure dunia nzima.

Naamini wote wanaandika kwa nia njema. Ila wote wawili wamekosea, na nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Kipande hicho kimetoka kwenye "Frau im Mond" (Mwanamke Mwezini) ya mwongozaji Fritz Lang, iliyoandikwa na Thea von Harbou kutokana na riwaya yake mwenyewe. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza 15 Oktoba 1929, katika ukumbi wa Ufa-Palast am Zoo, Berlin. Ndiyo, ilipigwa studio. Hakuna aliyewahi kuficha hilo. Studio ilikuwa Neubabelsberg, na watazamaji walikata tiketi. Apollo 11 ilitua Mwezini Julai 1969, karibu miaka 40 baadaye. Kuichukua filamu ya 1929 kuwa ushahidi wa udanganyifu wa 1969 ni sawa na kumshtaki babu kwa kosa la mjukuu wake.

Kinachowachanganya watu ni kufanana. Roketi ya filamu ina hatua zaidi ya moja na hudondosha iliyokwisha kazi. Inaendeshwa kwa mafuta ya kimiminika. Abiria wanalala chali kwenye vitanda wakati wa kuruka, maana mwendo unaoongezeka kasi huwakandamiza vibaya, na uzito unapotoweka wanaingiza miguu yao kwenye kamba zilizofungwa sakafuni. Haya hayakuotwa na mtunzi. Lang alimwita Hermann Oberth, mwalimu kutoka Transylvania aliyekuwa amechapisha mahesabu ya roketi za anga za juu mwaka 1923, na pia Willy Ley, mwandishi wa masuala hayo hayo. Wahandisi wa baadaye walifika kwenye majibu yanayofanana kwa sababu hesabu ni ile ile, na baadhi yao waliitazama filamu hiyo wakiwa vijana.

Hata kule kuhesabu kurudi nyuma kabla ya kuruka kumo humo, na ni desturi iliyozoeleka duniani kote, hadi Ngomeni karibu na Malindi, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco tarehe 12 Desemba 1970. Kwenye filamu, Lang alitaka watazamaji wajue hasa ni lini moto utawaka, basi akaandika sekunde kwenye skrini, kuanzia kumi akishuka hadi neno la "sasa". Aliandika. Filamu hii ni bubu. Ukipata kipande chenye sauti ya mtu anayehesabu kwa Kiingereza, basi sauti hiyo imebandikwa na mtu mwingine, na swali lako la kwanza liwe ni nani na kwa nini.

Anayetaka kipimo rahisi zaidi asubiri watue. Profesa Manfeldt anatoka nje akiwa na vazi kama la mzamiaji, anawasha kiberiti, kiberiti kinawaka, anavua kofia. Baada ya hapo wenzake wanatembea juu ya Mwezi na masweta yao. Filamu iliegemea dhana ya karne ya 19 ya Peter Andreas Hansen, mtaalamu wa falaki mzaliwa wa Denmark, kwamba ule upande wa Mwezi tusiouona huenda una hewa. Kuna dhahabu pia, na profesa anatafuta maji kwa kijiti cha mpiga ramli wa visima. Mtu anayeghushi safari ya Mwezini hangeacha hayo.

Kuhusu roketi ya kweli: kampuni ya filamu ya Ufa na Lang walitoa fedha ili Oberth atengeneze roketi halisi irushwe kuitangaza filamu. Oberth alikuwa mtu wa karatasi na kalamu, si wa karakana. Mlipuko ulimjeruhi wakati wa majaribio, na siku ya onyesho hakukuwa na roketi yoyote. Injini yake ndogo ilifanya kazi sawasawa Julai 1930, na miongoni mwa waliosaidia siku hizo alikuwa kijana Wernher von Braun, mhandisi mkuu wa roketi wa baadaye. Tarehe 3 Oktoba 1942, kombora la kwanza la V-2, silaha ya Ujerumani ya Wanazi, lililofanikiwa kuruka kutoka kituo cha majaribio cha Peenemünde lilikuwa limechorwa nembo ya mwanamke ameketi kwenye mwezi mwandamo. Makombora hayo baadaye yalitengenezwa na wafungwa wa kambi ya mateso ya Mittelbau-Dora, na maelfu yao walikufa. Wanaoiombea filamu hii maonyesho ya shule wasiruke sehemu hiyo.

Sasa vibali, ambako ndiko kazi yangu iliko.

Marekani inahesabu miaka 95 tangu filamu kutolewa, kwa hiyo za 1929 ziliingia mali ya umma huko mwanzoni mwa 2025. Huko. Ujerumani inahesabu miaka 70 baada ya kifo cha wa mwisho kati ya mwongozaji, mwandishi wa mswada wa filamu, mwandishi wa mazungumzo na mtunzi wa muziki. Von Harbou alifariki 1954, Lang 1976. Fanya hesabu: ulinzi unaisha 31 Desemba 2046. Kenya, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, inahesabu miaka 50 kwa kazi za picha na sauti. Kila nchi na hesabu yake, na Tanzania waulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya huko.

Hata pale filamu ilipo huru, nakala uliyopakua huenda si huru. Muziki wa piano uliorekodiwa juzi una mwenyewe. Tafsiri ya maandishi ina mwenyewe. Ndiyo maana fomu inauliza: toleo gani (refu lililokarabatiwa ni la dakika 169, yapo mafupi), faili au mkanda, ukumbi gani, viti vingapi, tarehe, bei ya tiketi, na muziki utapigwa papo hapo au ni wa kurekodiwa. Mahali pa bei usiache wazi, andika sifuri. Fomu yenye nafasi tupu inarudishwa, na foleni unaianza upya. Hapa Ujerumani, muziki una mlango wake tofauti, GEMA, chama kinachosimamia haki za watunzi wa muziki. Kibali chetu hakiufungui.

"Lakini hatutozi kiingilio." Sheria haiulizi kiingilio kwanza. Inauliza kama waliokusanyika wanafungamana kwa uhusiano wa kibinafsi. Sherehe ya kuzaliwa sebuleni kwako si hadhara. Ukumbi wa parokia uliotangazwa kwenye magrupu matatu ya WhatsApp ni hadhara, hata wakija watu wanane.

Adhabu: kifungu cha 106 cha sheria ya hakimiliki ya hapa kinaruhusu kifungo hadi miaka 3 au faini. Ikiwa ni biashara, kifungu cha 108a kinapandisha hadi miaka 5. Kwa kawaida shauri la jinai hufunguliwa kwa malalamiko ya mwenye haki, isipokuwa waendesha mashtaka waone kuna maslahi ya umma. Kabla ya kufika huko, mara nyingi hutangulia barua ya wakili yenye onyo na bili ya wakili huyo huyo. Usiitupe, na usiisaini bila kuonyesha mtu anayejua. Makala haya ni maelezo ya jumla. Hayachukui nafasi ya ushauri wa kisheria.

Vikundi vya Kenya na Tanzania vianze na ofisi ya hakimiliki ya nchi yao, kisha bodi ya filamu, kabla ya kubandika tangazo la onyesho. Wanaotuandikia wakiomba barua moja ya ruhusa ya dunia nzima, hatuitoi. Hakuna barua ya namna hiyo.