Masega ya gari: kanuni ianzie kwa mnunuzi

Masega ni lile kopo la chuma kwenye bomba la moshi, kati ya injini na sailensa. Ndani yake mna kauri yenye vitundu vidogo, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, zinazopunguza sumu ya moshi. Ni gramu chache tu, ila ndizo zinazomwingiza mwizi mvunguni na grainda.

Hapa Mbeya wizi mwingine hufanyika mchana kweupe, mwenye gari amekaa kwenye benchi la gereji anakunywa soda. Anaambiwa, “Bosi, masega yameziba, tuyatoe gari livute.” Inachomelewa bomba tupu, kopo linauzwa. Baada ya muda taa ya injini inawaka, na kompyuta inasoma P0420 (kosa la masega kutosafisha moshi), kwa sababu sensa iliyo nyuma ya masega inapokea moshi uleule wa mbele. Wajanja huisogeza sensa nje kwa kipande cha chuma ili taa izime. Kuziba kupo kweli, hasa gari likila oili, lakini omba upimiwe presha ya moshi kwanza. Na yakitolewa, kopo ni lako!

Kanuni ya Adhabu inamshika anayepokea mali ya wizi, lakini lazima ithibitike alijua au alikuwa na sababu ya kujua. Kwa masega hilo ni gumu: kauri ikishamwagwa kwenye kiroba, nani atajua imetoka gari gani? Hata namba iliyogongwa kwenye kopo, ambayo wanunuzi hupangia bei, inaonyesha aina tu.

Uingereza na Wales, tangu sheria ya 2013, mnunuzi wa chuma chakavu haruhusiwi kulipa fedha taslimu, na lazima ahakiki jina na anwani ya muuzaji. California, kuanzia 2023, imebana hata nani anaweza kuuza masega yaliyotumika.

Kwetu ningeanza na haya: masega yaliyovunjwa yasinunuliwe kabisa, mazima yaandikiwe namba ya chesisi, malipo yapite kwenye simu, na yakae siku kadhaa kabla ya kuvunjwa. Kadi ya gari peke yake haitoshi kuthibitisha umiliki, maana magari mengi bado yana jina la mmiliki wa zamani (tunajuana), kwa hiyo mkataba wa mauziano ukubalike.

Ila iwe kanuni ya nchi nzima. Ikiishia Mbeya, kiroba kitapakiwa kwenye roli la Dar au kitafika Tunduma, mpakani na Zambia, jioni hiyohiyo.