Je, Wajua? Kwa Nini Walenga Shabaha Huipenda Bastola ya Risasi Nane Ilhali Ipo ya Ishirini

Jumamosi moja baada ya alasiri tulikuwa barazani Kibokoni, Mombasa, kahawa imeshazunguka mara ya pili, wazee wameinamia bao. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa kando yangu na simu yake, akitazama video ya mashindano ya kulenga shabaha. Mtu anakimbia kutoka ukuta mmoja wa mbao hadi mwingine, anapiga karatasi na sahani za chuma, na kila baada ya hatua chache magazini ya risasi inadondoka chini, nyingine inaingia.

"Ami, mbona huyu abadilisha magazini kila saa?" akaniuliza. "Si kuna bastola za risasi ishirini? Kaona nini kwenye hii ya nane?"

Nimeupiga mchezo huu miaka kadhaa, na hilo ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Yule mtu wa kwenye video si maskini, wala si kwamba hajui kuna bastola kubwa zaidi. Ameichagua hiyo ya nane kwa hiari yake, na wenzake wengi duniani wamefanya hivyo hivyo.

Kwanza, tunazungumzia chombo gani? Ndani ya mpini wa bastola mna magazini, kijisanduku chembamba chenye springi. Risasi zikipangwa humo moja juu ya nyingine, wima, hiyo ndiyo safu moja. Zikipangwa mshazari, kila moja ikijiegemeza kwenye pengo la wenzake, kama machungwa ya muuzaji wa Marikiti, hiyo ni safu mbili. Safu mbili hubeba karibu maradufu, ila mpini nao hunenepa. Bastola ya safu moja iliyo maarufu kuliko zote ni 1911, aliyoibuni Mmarekani John Browning. Jeshi la Marekani liliipokea mwezi Machi mwaka huo wa 1911 na kuitumia hadi 1985, ilipopokewa Beretta ya milimita 9 yenye safu mbili.

Ulengaji shabaha wa vitendo, yaani ule wa kukimbia na kupiga badala ya kusimama mahali pamoja, ulizaliwa mikononi mwa bastola hiyo. Katika miaka ya 1950 na 1960 huko California, Jeff Cooper na wengi wa wenzake walishindana kwa 1911 za risasi saba. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Zürich, Uswisi, mwaka 1975. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa, IPSC, likaundwa mjini Columbia, Missouri, Cooper akiwa rais wake wa kwanza. Kaulimbiu yake ni maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas: usahihi, nguvu, kasi. Yashike hayo matatu, maana kila kitu katika mchezo huu ni kuyapatanisha.

Kisha mafundi wakaingia kazini. Mitutu ikawekewa vifaa vya kupunguza mtikiso, magazini zikanenepa, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 vioo vya kulengea vyenye nukta nyekundu vikapanda juu ya bastola. Ikawa aliye na chombo kipya ana faida ambayo aliye na chombo cha babu yake hawezi kuifidia kwa mazoezi. Ndipo mchezo ukagawanywa katika divisheni, kila aina ya bastola na watu wake. Hapa Mombasa jambo hilo halihitaji maelezo marefu: tunaziona Ford Escort na Porsche 911 za zamani zikishindana katika Safari Classic, na hakuna anayeuliza kwa nini hazikupangwa pamoja na magari ya leo.

Divisheni ya safu moja ilianzishwa Marekani katika miaka ya 2000 kwa jina la Single Stack. IPSC nayo ikaanzisha yake, Classic, mwanzoni mwa miaka ya 2010, na katika mashindano ya dunia ya 2014 huko Florida ikawa na mabingwa wake. Masharti yanafanana: bastola ya umbo la 1911, hakuna kioo cha nukta nyekundu, hakuna kifaa cha mtutu, na bastola lazima iingie katika sanduku la vipimo maalum.

Sharti la magazini ndilo lenye utamu. Ukipiga risasi za nguvu kubwa, magazini yako ni nane. Ukipiga za nguvu ndogo, unaruhusiwa kumi. Nguvu hupimwa kwa hesabu nyepesi: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, mara mwendo wake kwa futi katika sekunde, gawanya kwa elfu moja. Risasi ya .45, yaani ya upana wa karibu inchi 0.45, yenye kichwa cha greni 230, karibu gramu 15, ikienda futi 750 kwa sekunde inatoa 172.5. IPSC inataka angalau 170 ili uitwe wa nguvu kubwa, Marekani wanaridhika na 165. Risasi ya milimita 9 yenye greni 124 ikienda futi 1,050 inatoa 130.2, nayo inapita kiwango cha chini cha 125.

Na malipo yanatofautiana. Ukipiga katikati ya karatasi unapata pointi 5, uwe wa nguvu kubwa au ndogo. Ukikosa katikati ukagusa eneo linalofuata, mwenye nguvu kubwa anapata 4, mwenye nguvu ndogo 3. Ukiangukia pembezoni ni 2 dhidi ya 1. Mwishoni jumla ya pointi hugawanywa kwa sekunde ulizotumia.

Kijana alikuwa amenikodolea macho, kwa hiyo nikangoja bao limalizike, nikawaomba wazee kete za upande mmoja. Waliojua bao wameshaona ninakoelekea. Kila mchezaji wa bao ana kete 32, na ubao una mashimo manane kwa safu. Sheria za shabaha nazo zinasema kituo kirefu, yaani raundi moja ya mashindano, kisihitaji zaidi ya risasi 32, na kwa Wamarekani hairuhusiwi kumlazimisha mpigaji kupata zaidi ya mapigo nane akiwa mahali pamoja. IPSC wameweka tisa. Mashindano ya video ile yalikuwa ya Marekani, basi nikampangia kete nane katika mafungu manne juu ya saruji ya baraza.

"Hizi ni sehemu nne za kupigia. Kila sehemu nane. Wewe una magazini ya nane, na moja zaidi imo chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kabla hujaanza. Ngapi hizo?"

"Tisa."

"Umepiga nane za fungu la kwanza. Imebaki ngapi?"

"Moja, iko chemba."

Nikamwambia sasa kimbia kwenda fungu la pili, na njiani angusha magazini tupu, ingiza mpya. Ile moja ya chemba haijaondoka, kwa hiyo unafika ukiwa na tisa tena. Ukienda hivyo hadi mwisho, kila sehemu una risasi moja tu ya akiba, na magazini umezibadilisha miguu ikiwa mbioni, bila kupoteza hata nukta ya sekunde.

Kisha nikaondoa kete moja. "Sahani ya chuma umeikosa, ukarudia ikaanguka. Akiba imekwisha." Nikaondoa nyingine. "Umekosa tena." Aliangalia fungu, akaangalia mkono wangu. Bastola imefunguka slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, iko tupu, na shabaha moja bado imesimama mbele yake. Lazima abadilishe magazini akiwa amesimama wima, na kwa mpigaji wa kawaida hiyo ni sekunde moja na nusu hivi. Kisha mpango wote wa mafungu yaliyobaki umevurugika, maana hesabu aliyoikariri kichwani haipo tena.

Yalinikuta mimi mwenyewe hayo, katika kituo cha mwisho cha siku. Sahani mbili za chuma, risasi nne, na baada ya hapo nikawa nabadilisha magazini mahali ambapo sikupanga, vidole vinatafuta mkanda vibaya. Mwenye magazini ya ishirini angezikosa zile zile mbili, akaongeza risasi, akaendelea na safari yake. Kwake kosa ni robo sekunde. Hili ndilo jibu la swali la kijana kwa kadiri ninavyoliona mimi: magazini ndogo inaipa kila risasi uzito. Kabla ya kupiga kituo utawaona wapigaji wa safu moja wakitembea kati ya kuta, kidole hewani, midomo inahesabu, hapa nane, pale sita, hapa nibadilishe, wapi nisogee. Ni kama mchezaji wa bao anayejua kete yake itatua shimo gani kabla hajaanza kuitawanya.

Na je, uchukue nane za nguvu kubwa au kumi za nguvu ndogo? Tuchukue mapigo 32: 22 ya katikati, 8 ya eneo la pili, 2 ya pembezoni. Nguvu kubwa inapata pointi 146, nguvu ndogo 136. Wa kwanza akimaliza kwa sekunde 20, alama yake ni 7.3. Wa pili ili amfikie lazima amalize kwa sekunde 18.6 hivi. Yaani zile risasi mbili za ziada, pamoja na mtikiso mdogo, lazima zimwokolee karibu sekunde moja na nusu. Gharama ile ile ya kubadilisha magazini umesimama! Ndiyo maana ubishi huu hauishi, na ndiyo maana mimi nabaki kwenye nane: nikipiga polepole kidogo, .45 inanisamehe kosa la usahihi.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo huielewi mpaka uishike. Kitako cha risasi ya .45 kina upana wa milimita 12 tu, hivyo mpini wa safu moja ni mwembamba na bapa, unakaa kiganjani kama mpini wa kisu kizuri cha jikoni. Mwenye mkono mdogo anaweza kuuzunguka wote. Kifyatulio cha 1911 hakizunguki kwenye bawaba kama cha bastola nyingi, kinateleza kurudi nyuma moja kwa moja, safari fupi, kisha kinakatika kama kijiti cha kioo. Mwili wake ni chuma, zaidi ya kilo moja bila risasi, na uzito huo unautuliza mtikiso. Mtu akiizoea hiyo, nyingine nyingi humwonekea butu.

Bei nayo ina sehemu yake. Bastola za divisheni ya wazi, zenye vioo na magazini ndefu, hugharimu pesa nyingi, wakati 1911 za kawaida za kuanzia zinatengenezwa kwa bei nafuu Marikina, Ufilipino, na kampuni ya Armscor. Inanigusa hiyo, kwa kuwa vita vya Wamarekani huko huko Ufilipino, ambako rivolva zao za .38 zilionekana dhaifu, ndivyo vilivyowasukuma kutafuta bastola ya .45.

Sisemi divisheni hii ndiyo kubwa kuliko zote. Huko Marekani, tangu bastola za kawaida zenye nukta nyekundu zipewe divisheni yao, wengi wamehamia huko, na wenye macho ya uzeeni siwalaumu hata kidogo. Waliobaki kwenye safu moja wamebaki kwa mapenzi.

Kijana aliuliza kama naye anaweza kuanza. Nikamwambia ukweli: Kenya silaha si kitu cha kununua dukani hivi hivi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha, na kwenye uwanja wenyewe, mtutu ukivuka nyuzi 90 kuelekea nyuma, mbali na upande wa shabaha, siku yako imekwisha hapo hapo, uwe bingwa au mgeni. Aje kwanza anisaidie kubandika karatasi.

Wazee walizitaka kete zao. Kijana akairudisha video mwanzo, safari hii akahesabu kwa sauti: sita, saba, nane. Mkono wa yule mtu ulikuwa tayari mkandani, magazini tupu ikadondoka, naye ameshaanza kukimbia.

"Ami," akasema, bila kuondoa macho kwenye simu, "imebaki moja chemba."